Jini likionekana dakika ya kumi, muvi imekwisha

mpita_njia_mbagala (mleta mada)

Wakuu salaam,

Niseme mapema kwamba mimi si mchambuzi wa filamu. Habari za lenzi na taa sizijui. Ni mtazamaji wa kawaida tu, usiku wenzangu wakishalala navaa hedifoni nafungua nilichonacho kwenye flashi. Naangalia kila kitu, ila ulevi wangu ni muvi za kutisha na zile za kusisimua, za mtu kuwindwa na muuaji. Leo nina dukuduku.

Muvi ya kutisha inaishi kwa kile inachoficha. Ukiniletea jini katikati ya sebule, taa zote zinawaka, kucha za plastiki, macho mekundu ya kuvaa, hofu inakwisha palepale. Naanza kujiuliza lile joho limeshonwa wapi. Na muvi nyingi za kwetu zinafia hapo: dakika ya kumi jini limeshatoka, limecheka lile cheko lenye mwangwi, limepotea kwa moshi wa kompyuta. Saa nzima iliyobaki tunafanya nini?

Mtu atasema bajeti. Sawa, tuwaangalie hao wenye bajeti walifanyaje walipobanwa.

Jaws ya mwaka 1975, ya Steven Spielberg. Walitengeneza papa wa mashine, na yule papa akawa anaharibika kila wakimtia kwenye maji ya chumvi. Siku za kazi zinayoyoma, hela inakwenda, papa mgonjwa. Ikabidi wapige picha asizokuwemo. Unaona maji, unaona miguu ya waogeleaji kutokea chini, unaona mapipa ya njano yanaburutwa baharini, na ule muziki wa John Williams wa noti mbili unaanza taratibu. Papa mwenyewe anakuja kuonekana vizuri muvi imeshakwenda mbali. Ubovu wa mashine ndio ulioiokoa. Aliyeiangalia aniambie ukweli, Coco Beach siku hizi anaingia maji mpaka wapi?

Halloween ya John Carpenter, 1978, ilitengenezwa kwa dola laki tatu na ushee, hela ndogo kwa Hollywood hata enzi hizo. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, kilikuwa sura ya nahodha wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe. Ndiyo basi. Uso usio na kitu umesimama ng'ambo ya barabara mchana kweupe, unakutazama, na ukigeuka mara ya pili haupo.

Blair Witch Project ya 1999 ni vijana watatu, msitu na kamera za mkononi. Mchawi mwenyewe humwoni mpaka majina yanapita. Halafu Paranormal Activity. Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa kama dola 15,000. Kwa hela yetu tuseme milioni 40 hivi, ambazo harusi moja ya Dar inazimaliza kabla keki haijakatwa. Kamera imetegeshwa chumbani, mtu na mpenzi wake wamelala, saa inakwenda mbio pembeni mwa kioo, mlango unasogea kidogo. Kidogo tu! Mtu mzima unakaa unaukodolea macho mlango wa nyumba ya watu. Iliingiza karibu dola milioni 193.

Kwa hiyo umaskini nimeukataa kama kisingizio. Hao wenzetu ndio uliowalazimisha kuficha.

Na msinichanganyie kutisha na kushtua. Paka kuruka kutoka kabatini na muziki kulia PAAA, hata bodaboda akikupigia honi mgongoni unaruka. Dakika moja baadaye umeshasahau. Muvi zinazotegemea hiyo nazizima bila huruma.

Sisemi kwa dharau. Mussa Banzi na Nsyuka na Shumileta zake, miaka ile ya 2000 mwanzoni, alifanya jambo la maana, alichukua vitisho tunavyovijua wenyewe akavitia kwenye kanda, na watoto wa wakati ule kwenda chooni usiku ilikuwa kesi. Ila wengi waliomfuata walichukua kucha wakaacha hadithi.

Hadithi zenyewe tunazo. Popobawa wa 1995 kule Pemba na Unguja, watu wazima walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, wakiogopa kitu ambacho kila mtu alikielezea vyake. Mwaka 2007 fununu zikavuka mpaka Dar. Mumiani je? Enzi za mkoloni watu walilikimbia gari la zimamoto wakiamini linakusanya watu wa kunyonywa damu. Gari jekundu, linapita mtaani usiku, king'ora hakilii. Mwenye kipaji anashindwaje kumnyima mtu usingizi kwa hilo tu?

Wasimamizi msiuunganishe huu uzi na ule wa "tupeane muvi kali". Karibuni.

chai_ya_rangi

Umeandika vizuri mkuu ila unamzungumzia mtu mmoja mwenye hedifoni. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunakuona kama mgeni.

Kibanda cha Tandale, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni, joto, jasho, mtu kamlalia mtu begani. Unaweka muvi ya mlango kusogea kidogo? Watu watadai hela yao. Pale tunataka kuona. Mnyama atoke, steringi apigwe, steringi akumbuke mafunzo ya mwalimu wake, arudi aue. Na raha yenyewe iko kwenye kelele, ukumbi mzima unampigia mtu wa kwenye kioo makelele "geuka nyuma wewe mjinga!" Nani anaogopa pale? Watu wanacheka.

Marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za vibandani, alikuwa anasimulia muvi mpaka adui ana jina la mtaani kwenu. Hiyo ndiyo sinema iliyotulea. Hawa wa Bongo wanaoonyesha jini mapema wanamjua mteja wao kuliko unavyomjua wewe.

nimekaa_pale

Naweka kiti. Picha ndiyo kwanza linaanza.

mpita_njia_mbagala

@chai_ya_rangi hoja yako ina uzito, sikatai. Ila umeigusa sheria yenyewe ya kibanda bila kujijua: steringi hafi. Kila aliyekaa kwenye benchi lile anajua kwamba jamaa mwenye sura nzuri na jina kubwa atafika mwisho. Ndiyo maana mnacheka, hamna wasiwasi.

Sasa tafuta Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960, nyeusi na nyeupe. Staa wa picha ni Janet Leigh, jina kubwa wakati ule. Ameiba hela, anakimbia, wewe umeshajipanga kumfuata mpaka mwisho. Muvi haijafika hata katikati anauawa bafuni. Umebaki huna steringi! Unamshika nani mkono sasa? Na pale bafuni kisu kinaonekana kupanda na kushuka, fidla za muziki wa Bernard Herrmann zinalia kama zinachinjwa, watu wakatoka ukumbini wanaapa wameona kila kitu. Damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti.

Hiyo ukiiweka Tandale kwa watu wasioijua, naamini kelele zitakatika.

mama_kimara_mwisho

Jamani mimi napita tu lakini naomba niseme. Nyie vijana mnaongelea hivi vitu kama mchezo. Mimi muvi za mapepo siangalii na watoto wangu hawaangalii. Ile ya Exorcist nilianza kuiangalia zamani kwa shemeji yangu nikaomba wazime. Kuna milango mtu hafungui usiku halafu akategemea kulala. Mauaji sawa, najua ni rangi. Mapepo si rangi.

mpita_njia_mbagala

Shikamoo mama. Nakuelewa na wala sikucheki, ukweli wako ndio unaofanya zile muvi zitutishe sisi kuliko zinavyowatisha baadhi ya wenyewe waliozitengeneza.

Ila nikwambie kilichonishika mimi kwenye The Exorcist ya William Friedkin (1973, na ndiyo muvi ya kwanza ya kutisha kuingizwa kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya filamu bora). Si kichwa kuzunguka. Ni hospitali. Binti anaumwa, mama yake msanii mwenye uwezo wake, anazungushwa kwa madaktari, vipimo juu ya vipimo, lile sindano la shingoni, mashine zinagonga kama karakana. Na mwisho madaktari wenyewe, waliosoma, ndio wanaomwambia mama kwamba labda ajaribu kutafuta padri. Pale ndipo niliposisimka mwili. Kwetu safari huwa inaanzia upande wa pili, mtu keshapita kwa mganga na kwenye maombi ndipo anafikishwa Muhimbili. Kumwona daktari ameishiwa maneno ni jambo lingine kabisa.

Na padri mwenyewe imani imemyumba, mama yake amefariki na anajilaumu. Muvi za kwetu mchungaji anaingia ana uhakika tangu mlangoni. Anakemea mara tatu, pepo linatoka, kwaya. Mashaka hayapo, kwa hiyo hakuna la kuogopa.

fundi_simu_makumbusho

Mimi nawaachia majini yenu. Kinachonitisha ni mtu.

Silence of the Lambs, 1991. Ilibeba Oscar zote tano zile kubwa: filamu, mwongozaji, muigizaji wa kiume, wa kike, na mswada. Yule Hannibal Lecter wa Anthony Hopkins kwenye muvi nzima anaonekana dakika chache ukilinganisha na sifa alizopata. Amesimama wima nyuma ya kioo, nywele zimechanwa, anaongea kwa adabu. Hajakugusa na unatamani wamwongezee kioo kingine.

Au Se7en ya David Fincher, 1995. Muuaji mnamtafuta muvi nzima, mvua haikatiki, halafu anajileta mwenyewe polisi kwa miguu yake. Kuanzia hapo ndiyo unaanza kuogopa zaidi. Sisemi zaidi kuna ambao hawajaona.

Kingine, hizi za mizimu nyingi zinategemea chumba cha chini ya nyumba na dari kubwa la kutembea. Nyumba gani ya Tabata ina chumba cha chini? Mtu anashuka ngazi na tochi mimi nawaza wamepata wapi kibali. Kinachonitisha mimi ni kufungua geti saa saba usiku na yule aliyekushusha bado hajaondoka.

mpita_njia_mbagala

@fundi hiyo sentensi yako ya mwisho ni muvi tayari. Nimeisoma nikainuka kwenda kuangalia kufuli.

Na umenikumbusha Panya Road, wale vijana wa mapanga, Januari 2015. Fununu tu kwamba wanakuja, na mitaa mingi ya Dar maduka yakafungwa, watu wanakimbia, daladala zinapitiliza vituo. Kila mtu alikuwa na ndugu aliyewaona, na ukimfuata huyo ndugu naye alikuwa na rafiki aliyewaona. Tengeneza muvi ya jioni ile moja. Familia ndani, simu zinaingia ("wako Magomeni", "wameshafika Manzese"), umeme umekatika, baba hajarudi. Usimwonyeshe kijana hata mmoja mwenye panga.

kijogoo_wa_sinza

Mnabishana weee na hakuna aliyetaja Get Out mpaka sasa? Jordan Peele, 2017, akabeba Oscar ya mswada, mtu mweusi wa kwanza kuipata ile ya mswada usiotokana na kitabu. Steringi ni Daniel Kaluuya, wazazi wake Waganda.

Sasa wimbo wa mwanzoni. Michael Abels aliutunga KWA KISWAHILI. Unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Gari linakwenda, miti inapita, sauti zinanong'ona zikimwonya ndugu yao asikilize, akimbie. Mmarekani aliyekaa ukumbini anasikia sauti za ajabu za Kiafrika tu. Mimi nimekaa kwenye kochi Sinza nimeshaonywa kabla jamaa hajafika ukweni! Ndiyo muvi pekee ya kutisha niliyoiangalia nikiwa najua zaidi ya watu wa Los Angeles.

Na haikupunguza hofu, iliongeza. Kila yule mama mkwe akikoroga chai yake nasema kaka si umeambiwa.

chai_ya_rangi

Hiyo ya Kijogoo imenipendeza, nilikuwa siijui, naitafuta leo.

Ila mpita njia bado hujanijibu. Train to Busan ya Wakorea, 2016. Maiti zinazotembea zimejaa treni nzima, mchana kweupe, hazijafichwa hata kidole, zinapanda juu ya nyingine kama siafu. Na hiyo ulinisifia wewe mwenyewe kwenye uzi wa mwaka jana. Nimekuwekea hapo, tafuna.

mpita_njia_mbagala

Hahaha umenikamata kwenye kona. Ngoja nijitetee.

Maiti zinaonekana, kweli. Lakini kumbuka wapi ulishika roho mkononi. Mimi ni pale kwenye mlango wa behewa. Watu wamepigana kuvuka mabehewa, wamefika kwa wenzao walio hai, na wenzao wameushikilia mlango wasiwafungulie, yule mfanyabiashara mwenye suti anawatia maneno. Maiti unazijua zitafanya nini, zitauma. Abiria ndio hujui. Baba mwenyewe ameanza muvi ni mtu wa kujali nafsi yake, na hujui atakuwa nani ikifika kituo cha mwisho. Kilichofichwa pale ni moyo wa mtu. Uthibitisho: toa yule mwenye suti, ubaki na maiti tupu, uone kama utaikumbuka.

Najua utasema nanyoosha hoja. Nanyoosha kweli, lakini haijakatika. Na SGR ya Dodoma nikipanda siku hizi, abiria akikohoa vibaya behewa la nyuma nageuka.

dada_wa_flashi

Nawauzia watu muvi hapa Kariakoo kwa hiyo naomba niongee kama mtu wa sokoni. Wateja wanataka iliyotafsiriwa. Kutisha, mapenzi, vita, swali la kwanza "imetafsiriwa?" Sasa nikasema niangalie A Quiet Place, ile ya 2018 ya viumbe visivyoona ila vinafuata sauti. Familia inatembea pekupeku juu ya mchanga, hata kikombe hakigongi meza, pumzi wameishika. Na DJ anayetafsiri anaongea juu yake bila kumeza mate: "Sasa hapa mama anashuka ngazi wapenzi watazamaji, anaogopa, ona msumari ule!" Msumari alinionyesha yeye. Kwa kelele zile viumbe vingeshafika Buguruni.

Kwa hiyo mleta mada, unalilia kuficha wakati soko lenyewe linalipia kuelezwa. Hiyo ndiyo shida ya kwanza, kucha za plastiki zinafuata.

mpita_njia_mbagala

Dada umemaliza. Hiyo ya msumari nitaicheka mwezi mzima.

Ila hata huyo DJ akipewa muvi inayostahili anaweza kuongea kwa kunong'ona. Babu akisimulia hadithi usiku hapigi kelele, anashusha sauti mpaka mnasogea wenyewe.

mzee_wa_rufiji

Nimewasoma wote vijana, niongeze langu. Mwaka 1996 Wamarekani walitoa The Ghost and the Darkness, habari ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Hadithi ya Kenya wakaenda kuipigia Afrika Kusini. Simba wenyewe ngozi zao zimejazwa ziko makumbusho ya Chicago. Muvi si mbaya, ila simba wanaonekana sana na wazungu wanaongea sana.

Kwetu Rufiji na kule Lindi hili si jambo la reli wala la 1898. Mpunga ukikaribia kuiva nguruwe pori wanaingia shambani. Mtu inabidi akalale dunguni kulinda, kibanda cha miti juu ya nguzo, kuta za kusitiri kidogo tu. Nguruwe wanawaleta simba. Simba amekuja kwa ajili ya nguruwe, anamkuta mtu. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini kuanzia 1990 hadi 2004, na wengi ni wakulima wa mikoa hii ya kusini.

Usiku dunguni unamsikia nguruwe anatafuna mpunga wako, unapiga debe, unapiga kelele, hasikii. Halafu ananyamaza ghafla. Hapo ndipo mtu anajua. Kelele za nguruwe ni hasara, kimya chake ndicho kinachotisha.

fundi_simu_makumbusho

Mzee shikamoo. Nimesoma hiyo aya ya mwisho nikiwa kwenye mwendokasi nimepitiliza kituo.

mpita_njia_mbagala

Shikamoo ya fundi naipokea kwa niaba ya mzee akiwa bado anaandika 😂

Wakuu, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Dungu moja, baba, mama na mtoto, taa ya chemli, debe. Usiku mmoja. Waigizaji watatu. Mzee naomba utuambie zaidi, watu wanaongea nini kule juu usiku? Moto wanawasha? Mtoto akitaka kushuka kujisaidia inakuwaje?

chai_ya_rangi

Na simba mtamtoa wapi nyie wenye milioni 40?

mpita_njia_mbagala

Hayupo kwenye bajeti. Haonekani.

chai_ya_rangi

Basi mimi nitakaa benchi la mbele na hela yangu mtanirudishia. Simba nimelipia, simba nimuone.

mzee_wa_rufiji

Mtoto hashuki. Kuna kopo. Moto unawashwa chini ya dungu lakini kuni zikiisha usiku wa manane ni lazima mmoja ashuke kuongeza, na hapo ndipo mume na mke wanapoanza kuulizana nani. Kesho nikipata bando nitaandika vizuri, hili ni refu.

dada_wa_flashi

Mzee andika. Na mleta mada, wateja wangu wakiuliza muvi za hapa juu nimeshaziweka zote kwenye flashi moja, isipokuwa Psycho, hiyo iliyotafsiriwa sijaipata. Mwenye nayo anicheki.